Milioni Sabini, Maongezi Yapo

Tangazo lilikuwa la maneno machache: nyumba mpya Mangamba, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo, kiwanja kina hati, milioni 70, maongezi yapo. Nililisoma jioni nikiwa barazani kwenye nyumba tuliyopanga Chikongola, hapahapa Mtwara, kwa miaka saba. Nikapita vyumba, nikapita hati, macho yakaganda kwenye yale maneno mawili ya mwisho. Maongezi yapo. Mwenye nyumba anakwambia bei hii si ya mwisho, ila ya mwisho hataitaja yeye. Uitafute wewe.

Kupatana bei nimekua nako. Nimepatana vitenge, nimepatana samaki pale Feri, nimepatana korosho za kubangua kwa kina mama wa barabarani. Lakini samaki unamfunua shavu ukaona wekundu, unambonyeza, unamnusa, ndipo unataja bei yako. Nyumba mpya imeshapigwa plasta na rangi. Kila ambacho ungetaka kukiona kimefunikwa. Mimi na mume wangu hatukuwahi kununua nyumba, wala wazazi wetu hawakuwahi. Huku kwetu watu hujenga: unanunua kiwanja, unafyatua tofali, unasubiri msimu wa korosho, unaweka msingi, unasubiri msimu mwingine. Mama yangu alipoambiwa tunataka kununua iliyokwisha aliuliza swali moja tu: "Ya nani, na kwa nini anaiuza?"

Kwanza tulitaka kuelewa milioni 70 zimetoka wapi. Mangamba ni pale njia panda, barabara ya kwenda Madimba na Msimbati inapochepuka, na anayekumbuka Mtwara ya miaka ya 2010 hadi 2013 anajua barabara hiyo ilibeba matumaini ya watu wangapi. Gesi ilikuwa imepatikana kwa wingi baharini. Watu walikuja na fedha kutoka Dar es Salaam, viwanja vya mikorosho vikawa viwanja vya hoteli kwenye midomo ya madalali. Zikaja vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi. Bomba likakamilika 2015, gesi ya Madimba ikaanza kwenda Dar es Salaam, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa. Kazi za ujenzi zilipokwisha, wageni wengi waliondoka, na waliojenga wakitarajia wapangaji wa mishahara mikubwa wakabaki na vyumba vitupu. Bei ya ardhi ilitulia, lakini vichwani mwa wauzaji wengi haikutulia. Hadi leo kuna nyumba Mtwara inatajiwa bei ya mji uliosubiriwa, na mnunuzi anatakiwa ailipie kwa mshahara wa mji uliopo.

Mshahara wetu tuliujua. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mume wangu ni karani kwenye ghala la korosho. Tulikuwa na milioni 36 tulizodunduliza kwa miaka tisa, pamoja na kikoba changu, na benki ilikubali kunikopesha milioni 26 kwa dhamana ya mshahara. Jumla milioni 62. Tukatoa milioni 3 za wakili, uthamini, ushuru na kuhamia, zikabaki 59. Usiku ule tuliandika 59 kwenye karatasi, tukaikunja, nikaiweka ndani ya Kurani. Tulikubaliana kwamba hakuna wa kuitamka mbele ya dalali, hata kwa bahati mbaya. Nalisema hili kwa sababu nimeona wanandoa wakipoteza mamilioni hapo: mume anasema "tunajikakamua mpaka 60", dalali anatabasamu, na kuanzia dakika hiyo bei ya nyumba ni 60.

Dalali wetu alikuwa kijana mchangamfu, na sina kinyongo naye. Siku ya kwanza alituonyesha nyumba saa nne asubuhi, jua kali, kila dirisha likiwa wazi. Iling'aa. Dari la jipsamu lenye maua, vigae vyeupe, madirisha ya aluminiamu. "Madam, hii unahamia na begi lako tu," alisema. Nilisimama jikoni nikawaona watoto wangu wanakula pale. Nikajua nimeshaingia mtegoni, kwa hiyo nikanyamaza, nikamwachia mume wangu aulize maswali. Mume wangu aliuliza moja: "Tunaweza kurudi na fundi?"

Dalali alisita, akasema nyumba imeisha, fundi wa nini. Tulirudi naye siku tatu baadaye.

Fundi wetu ni mzee wa Naliendele aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wa wazazi wangu. Alikuja na ndoo, tochi, sarafu ya shilingi 200 na daftari la shule la mtoto wake. Hakuangalia maua ya dari. Alipiga magoti sebuleni akaanza kugonga vigae kwa ile sarafu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kichwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua. Ti, ti, ti. Halafu: do. Akarudia. Do. Akanivuta mkono, akanipa sarafu nigonge mwenyewe. Kigae kilicholala juu ya udongo wake kinatoa sauti ya juu na fupi. Chenye uwazi chini kinaitika kama mtungi. Upande wa mlango mkubwa, vigae 31 viliitika kama mtungi. Fundi akasema: "Siku mtakayoweka kabati hapa, vinapasuka." Akaandika.

Bafuni alimwaga ndoo nzima ya maji sakafuni, akasimama. Sote tukasimama. Maji yalitakiwa kukimbilia tundu la kutolea. Yalikwenda kidogo, yakageuka, yakaja kutulia mlangoni kwenye miguu ya dalali. Hakuna aliyesema kitu. Akaandika. Nje alifunua mfuniko wa shimo la maji taka, akateremsha mti, akautoa na kuupima kwa viganja. Lilikuwa fupi, na halikuwa na shimo la pili la kunywea maji. Kwa familia ya watu sita, akasema, lingejaa kabla mvua za pili hazijafika.

Kilichobadilisha kila kitu kilikuwa juu ya dari. Kwenye stoo kulikuwa na kimlango kidogo cha kupandia. Fundi alipanda na tochi, akakaa huko muda mrefu, kisha akaita: "Mwalimu, pandisha kichwa uone." Nilipanda ngazi hadi mabegani. Kenchi zilikuwa mpya, mbao zake bado zinanukia dawa. Bati lilikuwa jipya. Lakini ukuta uliokuwa juu ya dari, ambao haukupigwa plasta kwa kuwa haukutarajiwa kuonwa, tofali zake zilikuwa nyeusi kwa kuvu kuanzia lenta kwenda juu. Na pembeni, pale nguzo ya baraza ilipoishia, nondo zilikuwa zimetokeza nje ya zege kama vidole vinne. Fundi alishika mmoja, akausugua kwa kucha. Kutu ilitoka kwa magamba, ikaangukia kwenye jipsamu jeupe.

"Hii nyumba si mpya," alisema kwa sauti ya chini. "Plasta ni mpya. Boma lilikaa wazi."

Jirani wa upande wa pili alituthibitishia bila kuulizwa mara mbili. Boma lile lilisimama kwenye lenta tangu 2018. Kila mtu Mtwara anaukumbuka mwaka huo: Novemba, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuibeba. Huku hela ya korosho ndiyo inayojenga, kwa hiyo mipango mingi ya ujenzi ilibadilika msimu ule. Boma lilikaa miaka mitano kwenye mvua zetu za Desemba hadi Aprili na kwenye hewa ya bahari yenye chumvi, kisha likaezekwa na kumaliziwa kwa mwaka mmoja, likaitwa jipya.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Boma kukaa si kosa, na fundi mwenyewe alisema kuta ziko imara na msingi hauna ufa. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa hivyohivyo, kwa kudunduliza. Kosa ni kutajiwa bei kama vile halikukaa. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo tuliyotaka kuijua thamani yake kwa shilingi, na fundi aliikokotoa palepale barazani: kuchimbua na kuziba nguzo na sehemu ya lenta, 1,200,000, shimo la maji taka, 2,100,000, grili za madirisha saba, 1,260,000, vigae, bafu, plasta ya stoo, milango mitatu ya mbao laini, waya wa ethi ambao haukuwepo, kuvuta maji ya bomba. Jumla ilifika 7,900,000. Tulimlipa fundi 60,000 kwa asubuhi ile. Sijawahi kulipa elfu sitini kwa moyo mweupe kama siku hiyo.

Jioni dalali akatupigia simu na habari nyingine. Mzee mwenye nyumba kabanwa, alisema. Binti yake anaingia chuo mwezi wa kumi, ada haijapatikana, na ni Agosti, hela hakuna mjini. "Mpelekeeni 45 taslimu, mweke mezani. Atachukua."

Agosti Mtwara ni mwezi mkavu kweli. Mikorosho inatoa maua, watu wameshamaliza fedha shambani, minada bado miezi miwili. Mwenye taslimu mwezi huo ni mfalme. Ukisubiri Novemba, malipo yakishaanza kuingia kwa wakulima, bei ya kila kitu inanyanyuka, kuanzia bati hadi mbuzi. Kwa hiyo dalali alisema kweli, na sisi tulikuwa na hizo fedha. Tulilala tukibishana. Mume wangu alisema biashara ni biashara, sisi hatukumtuma mzee asiwe na ada. Mimi sikuwa na jibu zuri, nilikuwa tu na uzito tumboni.

Jibu lilitoka kwa mjomba wa mume wangu. Kwao jambo kubwa haliendi bila mjomba, na huyu alishuka kutoka Newala kwa ajili hiyo tu. Alisikiliza yote, daftari la fundi, ada ya binti, ile 45. Akakaa kimya. Halafu akamwambia mume wangu: "Wewe kazi yako ghalani. Kangomba unaijua."

Kwa asiyejua: kangomba ni kununua korosho ya mkulima kabla ya msimu, nje ya utaratibu, wakati mkulima ana njaa au ana mgonjwa, kwa kipimo cha bakuli kinachozidi kilo. Mkulima anaondoka na hela ya unga, mnunuzi anasubiri mnada. Mume wangu ameona wakulima wakifika ghalani na gunia moja kwa sababu tisa zilishaondoka na kangomba.

"Punguza bei kwa kasoro za nyumba," mjomba alisema. "Usipunguze kwa shida za mtu. Huyo mtakuwa mnaishi naye mji mmoja miaka thelathini."

Hapo ndipo ulipokatika ubishi wetu. Na nasema wazi, haikuwa hasara. Shida ya mtu huwezi kuitaja mezani bila kumvunjia heshima, na akishavunjiwa heshima anafunga mlango. Shimo fupi la maji taka unaweza kulitaja, ukalipima mbele yake, na halimtukani mtu.

Tulikwenda kwa mzee wenyewe, Magomeni, Jumamosi baada ya alasiri, dalali akiwapo. Tulimwamkia, tukapewa chai na mihogo. Mke wake alikaa mkekani karibu na mlango akichambua mchele. Mzee alianza kwa kushuka: kwa kuwa mnaonekana watu wa heshima, 66. Mume wangu alishukuru. Akasema nyumba tumeipenda, hilo hatulifichi, na tumeiangalia na fundi. Angependa kumwonyesha mzee tulichokiona. Akafungua daftari, akamgeuzia asome mwenyewe.

Mzee alisoma mstari wa kwanza, wa nguzo. Uso ukakunjamana. "Nyumba yangu imeoza?" aliuliza.

"Hapana mzee," mume wangu akasema. "Ingekuwa imeoza tusingekuja. Hizi ni kazi zilizobaki. Tukizifanya sisi, ni milioni saba na laki tisa. Ndiyo maana tumekuja na 55."

Kimya kilikuwa kirefu. Dalali akataka kukijaza, nikamtazama, akaacha. Nimejifunza kwamba kimya cha namna ile hakihitaji msaada. Ukikijaza unakijaza kwa fedha zako. Mzee alirudi kwenye daftari, akasoma hadi chini, akinyooshea kidole kila mstari. Kwenye shimo la maji taka akasimama.

Sauti ilitoka mkekani. "Hilo la shimo nilikwambia," mke wake alisema bila kuinua macho. "Nilisema mafundi wamechimba kaburi la mtoto, ukasema litatosha."

Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa na watu wengine. Mama yule aliweka ungo pembeni. Kiwanja walikinunua pamoja kwa korosho za shamba la kwao, na yeye alijua bei ya kila mfuko wa saruji ulioingia pale. Alikataa vigae 31, akasema ni 20, tukakubaliana twende tukagonge pamoja siku nyingine, na kweli tulikwenda. Grili, akasema, mtoto wa dada yake ni fundi wa kuchomelea, zitawekwa na wao. Milango mitatu akakataa katakata: "Milango ni mizima, mwalimu, wewe hupendi rangi tu." Nilikubali. Alikuwa sahihi kiasi.

Tulifika 62. Tukafika 61. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye 58, na ile karatasi ndani ya Kurani ilisema 59. Mume wangu akasema ukweli kwa mara ya kwanza siku ile: kiwango chetu kimefika, hatuna kingine hadi msimu. Mama akamtazama mumewe. "Basi 60," alisema, "na milioni moja na nusu mtaleta Desemba." Yaani 58 na nusu sasa, iliyobaki malipo ya korosho ya mjomba na posho ya mume wangu ya msimu yakitoka. Tulipeana mikono. Hatukutoa kishika uchumba siku ile, ingawa dalali alisisitiza sana. Tulisema hela ya kwanza itapita kwa wakili.

Kwa wakili ndipo nilipogundua kwamba bei haijaisha ikishatajwa. Rasimu ya mkataba aliyoileta dalali ilikuwa na mstari mmoja mdogo: kodi na gharama zote juu ya mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji kisheria, asilimia 10 ya faida aliyoipata, na isipolipwa, hati haihami jina. Kama tungetia sahihi mstari ule, zile milioni 60 zingekuwa bei nyingine kabisa. Mzee hakuwa na hila. Aliambiwa ndivyo inavyofanyika. Tulikaa tena, akakubali kodi ni yake, sisi tukabeba ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani laki sita, na gharama za wakili na mthamini. Upekuzi wa hati ukaonyesha jina ni lake, hakuna mkopo wa benki juu yake, ila pango la ardhi halijalipwa miaka minne. Alilipa. Wakili alitaka pia sahihi ya ridhaa ya mke, na yule mama alisoma mkataba wote, kurasa zote, ndipo akatia dole gumba na jina.

Malipo tuliyagawa: 53 na nusu siku ya sahihi, kutoka akaunti hadi akaunti, milioni 5 hati ikitoka kwa jina letu, 1.5 Desemba. Zile milioni 5 ndizo zilizomfanya kila mtu akumbuke kwenda ofisi ya ardhi. Binti alikwenda chuo.

Tulihamia Oktoba. Shimo jipya lilichimbwa wiki ya kwanza, nguzo ikafuatia, vigae bado, nimeweka mkeka. Desemba 18 tulipeleka milioni moja na nusu Magomeni, mama akahesabu, akatupa furushi la korosho ghafi na kuku mmoja.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku wa siku mbili baadaye. Tuliamka wote wawili bila kuitana. Mume wangu akashika ngazi, mimi nikapanda na tochi hadi mabegani, palepale stoo. Nilimulika kenchi moja moja, nikamulika tofali nyeusi, nikamulika jipsamu kutoka pembe hadi pembe. Pakavu, pakavu, pakavu. Halafu tone moja juu ya baraza, pale bati mbili zinapokutana. Nikateremka, nikachukua daftari la fundi, nikaandika chini ya mstari wa mwisho: bati la baraza, msumari mmoja.